Washairi waliojiandikia sherehe

Ukifungua diwani nyingi za Kiswahili, mwisho wa kitabu utakuta kurasa zenye kichwa "Sherehe". Hapo hapana ngoma wala pilau. Neno hilo limetoka kwa Kiarabu, sharh, nalo maana yake ni ufafanuzi. Kusherehesha shairi ni kulifungua ili msomaji alielewe.

Katika Zama za Kati, kazi hii ilikuwa elimu nzima. Matini huandikwa, mwanachuoni mwingine akaja kuisherehesha, kisha wa tatu akaweka hashiya juu ya sherehe hiyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafi. Karibu karne tatu baadaye Ibn Hajar al-Haytami akakishereheshea kwa kitabu chake, Tuhfa.

Kwa kawaida, basi, mtunzi ni mmoja na mfafanuzi ni mwingine. Lakini wapo waliofanya kazi zote mbili, na mara nyingi kilichowasukuma ni lawama.

Ibn Arabi alizaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1165. Alipofika Makka mwaka 1202 alijuana na mwanachuoni mmoja mwenye asili ya Isfahani, aliyekuwa na binti msomi aitwaye Nidham. Kwa ajili ya binti huyo alitunga diwani ya mapenzi, Tarjuman al-Ashwaq. Huko Halab, nchini Sham, faqihi mmoja akasema kwamba haya ni mahaba ya kawaida, na shekhe anajificha tu nyuma ya uchaji. Wanafunzi wawili waliosikia maneno hayo wakamwomba mwalimu wao ajibu. Akaandika sherehe, mstari baada ya mstari, akieleza kwamba uzuri anaousifu, safari za ngamia na vilio vya kuachwa vyote vinaashiria hali za roho inayomtafuta Mola wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, mlaumu huyo aliposikia sherehe ikisomwa alitubu.

Ulaya nako palitokea jambo la kufanana. Dante wa Florence (1265–1321) aliandika Vita nuova, kitabu ambamo kila shairi linafuatana na maelezo ya kilichomfanya alitunge. Baada ya kufukuzwa mjini kwao mwaka 1302, alianza kitabu kingine, Convivio, yaani Karamu. Alikusudia kufafanua mashairi 14, lakini aliishia matatu tu. Humo anakiri kwamba anaogopa watu wamwone mtumwa wa matamanio. Aliandika kwa Kiitaliano badala ya Kilatini, ili hata asiyepata chuo aweze kuketi kwenye karamu ile.

Je, tumwamini mshairi anayejieleza? Si lazima kwa kila neno. Sherehe huja baada ya shairi, na mwenye kulaumiwa ana sababu ya kujitetea. Lakini msomaji akiwa na vyote viwili anaweza kupima mwenyewe. Asipokuwa na sherehe, hubaki kukisia.

Sisi watu wa pwani tunalijua hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijaza tungo zake mafumbo ya siasa na mambo ya mji wa siku zile. Mengi tunayoyaelewa leo tunayaelewa kwa sababu Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, alizikusanya tungo hizo na kumweleza W. E. Taylor maana zake katika karne ya 19. Lau naye angenyamaza, tungebaki na maneno matamu yasiyo na ufunguo.

Leo mashairi yanasomwa redioni na kutumwa kwa simu, na fumbo la uchaguzi huu halitaeleweka na mjukuu. Malenga wetu wakiandika, na waongeze kurasa mbili: nani alikuwa akijibiwa, kulitokea nini, neno lile lilikuwa na maana gani mtaani. Na kama malenga ni mzee, mwanawe akae naye kitako na kalamu mkononi, amuulize sasa.