Mpunga Katika Hewa Yenye Ukaa Mwingi

Mpunga hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Majani yake huingiza hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, na kimeng'enya cha rubisko huinasa ili igeuzwe sukari. Rubisko ina kasoro: mara nyingine hunasa oksijeni badala ya ukaa, na mmea hupoteza nguvu nyingi kurekebisha kosa hilo. Mahindi na mtama hukusanya ukaa na kuulundika karibu na rubisko. Mpunga hauna uwezo huo.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na ukaa sehemu 280 katika kila sehemu milioni. Leo zimepita 420. Ukaa ukiongezeka, rubisko hukosea mara chache zaidi, usanisinuru huenda kasi, na mpunga huchipua vizuri na kutoa masuke mengi.

Jambo hili limepimwa mashambani, Japani tangu 1998 na baadaye China. Mabomba yanayozunguka majaruba yasiyo na paa hupuliza hewa ya ukaa juu ya mimea hadi izidi kiwango cha kawaida kwa takriban sehemu 200. Aina nyingi za Japani ziliongeza mavuno kwa asilimia 10 hadi 15 hivi, na baadhi ya mbegu chotara za China kwa karibu asilimia 30. Penye uhaba wa naitrojeni, nyongeza hupungua.

Ukaa ukizidi, stomata nazo hujibana. Maji kidogo hupotea, lakini jani lisilotoa mvuke wa kutosha hupata joto. Mpunga ukichanua katika joto la zaidi ya nyuzi 35 hivi za Selsiasi, chavua hudhoofika na masuke hujaa mapepe.

Hasara nyingine imo ndani ya punje. Utafiti wa aina 18 za mpunga zilizokuzwa katika ukaa mwingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha protini kupungua kwa wastani wa asilimia 10, chuma 8 na zinki 5. Katika aina za China, vitamini B1 ilipungua kwa asilimia 17 na B9 kwa 30. Wanaoumia zaidi ni wale ambao wali ndio mlo wao mkuu na kitoweo ni haba. Hata hivyo, aina hizo hazikupungukiwa sawasawa, na tofauti hiyo huwapa wazalishaji wa mbegu pa kuanzia: kuchagua mpunga unaoongeza mavuno bila kupoteza lishe.