Theluji ya Rwenzori na Kuni za Liru



Muhula uliopita, Jumamosi moja jioni, tulionyeshwa filamu katika ukumbi wa chakula. Ilikuwa filamu ya mwaka 2014 juu ya maisha ya Brolin Mawejje, kijana aliyezaliwa hapa Uganda, akahamia Marekani akiwa bado mtoto, na huko akajifunza mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kesho yake wadogo zetu wa darasa la kwanza walinizingira kwa maswali, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa chama cha jiografia. Mtu hutelezaje bila kuanguka? Je, Uganda yetu ina theluji? Na sisi watu wa Arua na Koboko, theluji yatuhusu nini? Maswali mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu limenisumbua muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Ubao wake hufika kidevuni mwa mchezaji, au huzidi kidogo, na upana wake ni kama shibiri moja. Mchezaji hufunga viatu vyake vyote viwili juu ya ubao huo, akasimama kwa ubavu, bega moja mbele, kama mtu anayepenya katika mlango mwembamba. Hana fimbo mikononi. Akitaka kupinda au kupunguza mwendo, huegemea ukingo mmoja wa ubao, nao hukata theluji kama jembe linavyokata udongo. Hana injini wala petroli. Mteremko na uzito wa mwili wake vyatosha kumpeleka.

Basi mtu aweza kudhani kwamba mchezo huu hauna madhara yoyote. Sivyo. Kushuka ni bure, lakini kupanda kuna gharama. Huko Ulaya na Marekani wachezaji wengi hupandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, na waya huvutwa na mitambo. Ili kupata njia pana ya kutelezea, msitu hukatwa. Theluji isipotosha, mitambo hurusha maji hewani wakati wa baridi kali ili yagande, na maji hayo hutolewa katika mito na mabwawa. Hata nta inayopakwa chini ya ubao ilikuwa na hatari yake. Nta nyingine zilitiwa kemikali za florini, ambazo haziozi upesi. Zilibaki katika theluji, na theluji ilipoyeyuka ziliingia katika maji. Shirikisho la kimataifa la michezo ya theluji limezikataza katika mashindano yake tangu msimu wa 2023 na 2024. Tena iko safari yenyewe. Motokaa na ndege zinazowaleta wachezaji hutoa moshi, na moshi huo huongeza joto linaloyeyusha theluji ile ile waliyoifuata.

Wako wachezaji walioliona jambo hili. Mmoja ni Mmarekani Jeremy Jones, bingwa wa ubao, ambaye zamani alipandishwa milimani kwa helikopta. Alipoona theluji inapungua mahali alipopazoea, aliacha helikopta, akaanza kupanda kwa miguu yake. Mwaka 2007 alianzisha chama kiitwacho Protect Our Winters, ili wapenda theluji waitetee. Nampenda mtu huyu kwa sababu hakuanza kwa kuwalaumu wengine. Alianza kwa kuuliza yeye mwenyewe amefikaje kileleni.

Sasa tuje nyumbani. Ndiyo, Uganda ina theluji. Iko mbali nasi, kusini-magharibi, mpakani na Kongo, katika milima ya Rwenzori. Kilele chake kirefu, Margherita, kina meta 5,109. Duke wa Abruzzi, Mwitalia, alikifikia mwezi Juni 1906, naye hakufika peke yake, bali kwa migongo ya wapagazi wengi waliobeba mizigo. Wenyeji wa milima hiyo ni Bakonzo, na neno lao la theluji ni nzururu. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini theluji hiyo inakwisha. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kilometa za mraba 6.5 hivi. Mwaka 1987 zilibaki 2 tu. Mwaka 2003 hata kilometa moja haikutimia. Wataalamu wamebishana kidogo juu ya sababu. Wengine hutaja zaidi joto la dunia, wengine hutaja zaidi upungufu wa mawingu na unyevu. Lakini kwamba barafu inakwisha, hakuna anayebisha.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulitazamia. Nilidhani kwamba barafu ikiisha, mito ya Rwenzori itakauka. Kumbe waliopima mito ile wameona kwamba sehemu ndogo sana ya maji yake hutoka katika barafu. Maji mengi ni ya mvua, iliyopokelewa na misitu na vinamasi vya mlimani, kisha ikaachwa ishuke polepole. Majani hupunguza kishindo cha mvua. Takataka za majani chini ya miti hunywa maji kama sifongo. Mizizi huufungua udongo, maji yakazama. Mlima ukinyolewa, mvua hushuka mbio na kuchukua udongo. Mto hufurika siku moja, na mwezi wa kwanza haupo. Kwa hiyo mlima usio na theluji nao una ghala lake la maji, nalo ni miti yake. Ndipo nilipoanza kuufikiria mlima wetu wa Liru.

Wasomaji wa Koboko hawahitaji kuelezwa Liru. Kwa wengine nitasema hivi. Ukitoka Arua kwa barabara ya lami iendayo Oraba, utafika Koboko, karibu na mahali ambapo nchi tatu zinakutana, yaani Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Liru ndio mlima wa huko, kama Wati ulivyo mlima wa Terego. Wazee wa Kilugbara husimulia kwamba mababu wawili mashujaa, Jaki na Dribidu, ndio waliowazaa watu wa koo zao, na kwamba Jaki alifia mlima Liru, na Dribidu alifia mlima Wati, ambao huitwa pia Eti. Kwa hiyo milima hii miwili kwetu ni makaburi ya mababu.

Likizo iliyopita tulipanda Liru, wavulana sita. Tulikwenda na mihogo, maji, na biskuti katika mifuko ya plastiki tunayoiita kavera. Huko juu tulikata mti mchanga, tukawasha moto, tukachoma mihogo, tukapiga picha. Kavera tuliziacha palepale. Kipande cha ule mti nilikifanya mkongojo wa kushukia. Lazima niseme kweli: aliyeukata ni mimi.

Chini tulimkuta mzee mmoja ameketi mbele ya nyumba yake. Tulimwamkia, akatuitikia vizuri, akatupa maji. Kisha akaniuliza kwa Kikakwa, "Mwanangu, huo mti umekata wapi?"

Nikasema, "Juu, mzee. Ni mmoja tu."

Akanyosha mkono kuonyesha bonde dogo nyuma ya nyumba. "Nilipokuwa mvulana kama ninyi, tulichota maji pale mwaka mzima. Sasa wakati wa kiangazi wajukuu wangu hupanga mstari kwenye bomba la mkono tangu alfajiri. Si wewe uliyeyamaliza maji yale. Lakini kila aliyekata alisema ni mmoja tu."

Hakutugombeza zaidi ya hayo. Tulikwenda kimya mpaka barabarani.

Jioni ile nilimsimulia baba mdogo maneno ya mzee, nikimtazamia aseme kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Baba mdogo ndiye aliyenilipia karo tangu baba yangu alipofariki. Alinisikiliza, kisha akacheka kidogo. "Mwanangu," akasema, "wewe ulidhani karo yako ilitoka wapi?"

Nilijua kwamba alikuwa akichoma makaa. Sikuwa nimeuliza miti yake ilitoka mlima gani.

Usiku nilishika kalamu nikafanya hesabu. Mwaka 2022, nilipokuwa darasa la tatu, baba mdogo aliuza gunia moja kwa shilingi 25,000. Karo yangu na mahitaji yangu vilifika shilingi 750,000 kwa muhula. Hayo ni magunia 30. Gunia likiwa na kilo 50, tunapata kilo 1,500 za makaa. Tanuri la udongo, lile la kufukia kuni na kuziacha ziungue polepole, ni la hasara: kilo 10 za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Tukichukua kilo moja na nusu, basi muhula wangu mmoja ulikula kilo 10,000 za kuni, yaani tani kumi. Mihula mitatu ni tani thelathini. Nami nilikuwa nimejutia mkongojo.

Mei 2023 Rais alitoa amri ya kukataza uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu zetu za kaskazini, pamoja na ukataji wa mshea, ule mti wa mafuta ya mama zetu. Baba mdogo aliacha makaa. Muhula uliofuata nilichelewa shuleni wiki tatu kwa kukosa karo. Sasa anafyatua matofali, na matofali nayo huchomwa kwa kuni. Sisemi haya ili kumlaumu. Bila yeye nisingejua kuandika makala haya. Nasema ili tusidanganyane kwamba adui wa mlima ni mtu fulani mbaya aliye mbali. Wazee wetu walilima tumbaku, nayo ikakaushwa kwa moto wa kuni. Majirani waliokimbia vita Sudan Kusini na Kongo wanahitaji kupika, kama sisi tunavyohitaji. Na moshi wa jiko la shule hii, unaoivisha posho na maharagwe yetu kila siku, hautokani na hewa.

Basi tufanyeje? Natoa mashauri machache, yale tu tunayoyaweza.

Kwanza, tukipanda mlima, tulichopanda nacho tushuke nacho. Kavera haiozi, mbuzi akiila aweza kufa. Tubebe chakula kilichokwisha kupikwa, tusiwashe moto, hasa kati ya Desemba na Machi, majani yakiwa makavu. Tufuate njia moja iliyokwisha kukanyagwa, wala tusifungue mpya, kwa maana kila njia mpya mteremkoni huwa mfereji wa mvua. Haja tuifanye mbali na kijito, hatua themanini au zaidi, tena tufukie.

Pili, nyumbani. Jiko la udongo lililofunikwa pande zote hula kuni chache kuliko mafiga matatu, kwa kuwa moto hauchezewi na upepo. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi. Sufuria ifunikwe. Kuni zikaushwe vizuri kabla ya kutumiwa. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi, na wavulana wanaweza kuzifanya bila kuwaachia dada zao.

Tatu, matofali. Yako matofali yasiyochomwa, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine hiyo ina bei, lakini watu kumi wakishirikiana wanaweza kuinunua. Nimemwambia baba mdogo. Amesema atafikiri, na kwamba nisimfundishe kazi kabla sijamaliza masomo. Lakini juzi aliniuliza bei yake.

Nne, tupande miti ya kuni mahali pake, katika shamba tambarare la shule, si mlimani. Mkaratusi hukua haraka na hufaa, lakini usipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Mlimani yafaa kuyaacha machipukizi ya miti ya asili yakue yenyewe. Kazi yetu huko ni kuyalinda tu.

Tano ni neno kwenu, kaka zetu mliomaliza, mlio na kazi Arua, Kampala au Juba. Kila mwaka mnatuletea kikombe cha mpira, nasi tunashukuru. Mwaka huu tunaomba mtuchangie jiko kubwa la kisasa la kupunguza kuni. Kikombe tutakishindania hata kikiwa cha zamani.

Sasa nawajibu wadogo zangu wa darasa la kwanza. Theluji ya Rwenzori hatuwezi kuizuia sisi peke yetu kutoka Koboko. Hiyo yahitaji dunia nzima, na hasa nchi zenye viwanda vingi. Lakini mlima wetu hauna theluji ya kupoteza. Una miti, na miti hiyo sisi ndio tunaoikata.

Jumamosi ya kwanza ya mvua chama cha jiografia kitakwenda Liru kuokota kavera tulizoziacha na nyingine tutakazozikuta. Atakayependa aje na gunia tupu. Gari litakuwa moja, nasi tutabanana. Mkongojo wangu ninao bado. Nitamrudishia yule mzee mkononi, nimwombe radhi.

Kwaherini.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita