Pezi au Bawa? Ubao wa Tanga na Upepo wa Ziwa Tanganyika (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi ubao wa tanga ulivyozaliwa Marekani katika miaka ya 1960 na kuingia kwenye Michezo ya Olimpiki mwaka 1984. Leo tunashuka chini ya ubao wenyewe, maana ubishi mkubwa wa mchezo huu uko majini, hauko hewani. Kwa miongo mingi ubao uliteleza juu ya maji ukiwa na pezi lililofungwa nyuma. Siku hizi wengi wamelivua pezi hilo na kufunga mhimili wa karibu mita moja, wenye mabawa mawili mwishoni, kubwa mbele na dogo nyuma. Ubao ukishika kasi huinuka mzima hewani, na kinachobaki majini ni huo mhimili na mabawa yake. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, ambayo mbio zake za tanga zilifanyika Marseille, ubao wa RS:X uliokuwa ukishindaniwa tangu 2008 uliwekwa kando, ukaingia iQFOiL wenye mabawa. Ndipo wengi wakatangaza kwamba pezi limekwisha kazi. Mimi nasema halijaisha. Bawa na pezi vina kazi mbili tofauti, na mwamuzi wa kipi kifungwe ni maji na upepo wa mahali husika, wala si tarehe ya kutengenezwa.

Msomaji wa Tabora ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini, naye anakaa mita 1,200 juu ya bahari, pwani iko mbali na ziwa liko mbali. Yanamhusu kwa sababu mji wake ulikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, na mwisho wa njia hiyo swali hilihili liliulizwa na watu waliokuwa na shida ya kweli. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, wakitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, walikuta mitumbwi ya makasia. Walichokitaka ni jahazi. Speke akavuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake, akarudi mikono mitupu, na safari yao ya kaskazini hadi Uvira ikafanywa kwa mitumbwi miwili. Miaka kama ishirini baadaye wazungu wengine walikuja na vyombo vyao mabegani mwa watu. Lady Alice ya Stanley, iliyogawanywa vipande ili wapagazi waweze kuibeba, ilipita nchi ya Unyamwezi na kuzunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876. Wamisionari wa London wakasafirisha Morning Star, mashua ya chuma ya matanga, hadi Ujiji mwaka 1883. Kwa nini taabu yote hiyo, na mitumbwi ilikuwapo? Ukubwa na usalama ni sehemu ya jibu, na sehemu nyingine ni umbo la chini. Ukisimamisha tanga kwenye mtumbwi wenye tumbo la mviringo, utakwenda vizuri upepo ukikusukuma mgongoni, lakini ukitaka kwenda joshi chombo kitateleza ubavu kuelekea demani. Jahazi lina mkuku unaoyashika maji, na ndio unaoliwezesha kupiga bisha.

Pezi la ubao wa tanga ni mkuku huo uliopunguzwa hadi kufikia urefu wa kiganja na dhiraa. Ubao unapokwenda joshi, tanga huuvuta zaidi ubavuni kuliko mbele, na nguvu ya ubavuni huzidi ile ya mbele mara kadhaa. Pezi halizuii nguvu hiyo kwa kusimama tu kama ukuta. Ubao huteleza kidogo kwa pembe ndogo, pezi likayapasua maji kwa mshazari, na maji yakalisukuma upande wa joshi. Matokeo yake ni kwamba pembe mbili, ya tanga hewani na ya pezi majini, zinabana chombo katikati na kukitoa mbele. Lakini angalia kitu kimoja: katika mpangilio huu pezi halibebi uzito wa mtu. Uzito unabebwa na tumbo la ubao lenyewe, kwanza kwa kuelea na kisha, kasi ikizidi, kwa kupapasa uso wa maji. Ni tumbo hilo linalokula upepo mwingi, kwa sababu kusugua maji kuna gharama.

Bawa limekuja kuchukua kazi hiyo ya pili. Bawa la mbele la iQFOiL lina ukubwa wa sentimeta 900 za mraba, eneo ambalo trei ya chai ya kawaida inaweza kulifunika. Ukipiga hesabu, bawa hilo likikimbia mita 5 kwa sekunde linaweza kuinua takriban kilo 90, mtu pamoja na vifaa vyake. Siri yake ni kwamba nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, ndiyo maana mwendeshaji hana budi kulilaza bawa kadiri anavyokimbia, la sivyo litachomoka majini na yeye ataanguka. Na pezi limekwenda wapi? Halikwenda popote. Ule mhimili wa mita moja ndio pezi, mrefu kuliko lolote lililotangulia, na ndio unaozuia ubao usiteleze demani. Wanaosema bawa limelifukuza pezi hawajatazama vizuri kilichosimama katikati ya ubao na bawa.

Wala wazo la kuegemea mwendo badala ya kuelea si geni kwetu. Ngalawa ya pwani ya Waswahili ina mbao mbili za pembeni, zimefungwa kwa mshazari kwenye miti inayokatiza chombo. Mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini mashariki hutumia magogo yanayoelea. Mbao za ngalawa ni nyembamba, zinaelea kidogo sana. Chombo kikikimbia, ubao wa demani husukumwa juu na maji kwa sababu ya ulalo wake, na ndio unaokizuia kisipinduke. Fundi wa ngalawa alikuwa akitumia kanuni hiyo muda mrefu kabla Enrico Forlanini hajaendesha mashua yake ya mabawa kwenye ziwa Maggiore, Italia, mwaka 1906.

Sasa turudi ziwani. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 7 kuliko ya pwani. Upepo wa kasi ileile, basi, huvuta tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba, lakini nje ya msimu huo siku nyingi ni za upepo wa nchi kavu usiku na wa ziwa mchana, wala si mkali. Ubao wa pezi unahitaji upepo wa zaidi ya kilomita 20 kwa saa ndipo upae juu ya uso wa maji. Wa bawa unaridhika na kilomita 12 hadi 15. Kina si tatizo: ziwa hilo linafikia mita 1,470, na hata hatua chache kutoka ufuoni mhimili hauwezi kugusa chini mahali pengi. Kigoma, kwa maoni yangu, ni mahali pa bawa.

Paje na Jambiani, Unguja, ni kinyume chake. Maji yakitoka, ufuo unakauka hadi karibu na mwamba, na kinachobaki ni maji ya magotini, vigingi na kamba za mashamba ya mwani. Mhimili wa mita moja hapo ni balaa kwa mchezaji na kwa mkulima wa mwani ambaye kamba zake zimekatwa. Kaskazi na kusi vinatosha kulisukuma pezi fupi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkera jirani.

Wapo watakaoniambia kwamba hoja ya mahali haina maana, kwani bawa lina kasi zaidi na mshindi ni mwenye kasi. Kwenye upepo mdogo ni kweli. Lakini mwaka 2015, huko Lüderitz, Namibia, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia wastani wa kilomita zaidi ya 98 kwa saa katika umbali wa mita 500, akiwa na pezi. Kwa kasi hiyo bawa linageuka mzigo: nguvu ya kuinua inapita kiasi, na maji yanaanza kuchemka vipovu juu yake. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Mhimili wa kaboni ni ghali, na ukivunjika Kigoma hakuna duka la kununua mwingine. Hilo silipuuzi, ila halinipingi: linasema bawa lisinunuliwe kwanza, halisemi halifai. Pingamizi la tatu, la kichocho, mamba na viboko, si la pezi wala bawa. Linahusu kila anayeingia ziwani, na kabla ya kuchagua ufuo waulizwe wavuvi wa hapo na mganga wa zahanati.

Kwa wanaofikiria kuanzisha klabu, ushauri wangu ni huu. Nunueni ubao wenye sanduku la kufungia pezi na la kufungia mhimili, maana mbao za namna hiyo zipo. Anzeni na pezi hadi kila mmoja aweze kwenda joshi na kurudi alikotoka bila kuvutwa na mashua, kisha bawa lifuate. Na msidhani Bwawa la Igombe ni mahali pa kujifunzia: lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji wa Tabora, na liachwe hivyo. Vifaa vyote vya mtu mmoja, vikifunguliwa, uzito wake hauko mbali na frasila mbili, mzigo wa mpagazi wa zamani, na treni ya kutoka Tabora inaishia Kigoma.