Meno ya Kale: Maumbile, Dhiki au Desturi?

Kusini mwa Komanda, katika jimbo la Ituri, kuna Mlima Hoyo na mapango yake ya mawe ya chokaa. Katika pango la Matupi, Francis Van Noten alifukua katika miaka ya 1970 zana za mawe, nyingine zikiwa na umri unaozidi miaka 40,000. Zana husimulia kazi ya mikono. Habari za mwili wenyewe hutunzwa vyema na meno, kwa kuwa gamba la jino ni gumu kuliko mfupa. Je, mifupa ya zama za kati inapofukuliwa, meno yake husomwaje?

Yafaa tutenganishe mambo matatu. La kwanza ni kasoro ya maumbile. Jino ambalo halikuota kamwe haliachi tundu tayani. Lililong'oka mtu akiwa hai huacha tundu linaloziba kwa mfupa mpya. Lililodondoka baada ya kifo huacha tundu wazi lenye kingo kali. Hali mbili za kwanza huweza kufanana, ndiyo maana eksirei huhitajika.

La pili ni athari ya maradhi au njaa. Mtoto anapougua sana, gamba la jino husita kukua na kubakiza mfuo wa mlalo. Mfuo huo haufutiki. Mtu mzima huzikwa na kumbukumbu ya dhiki ya utotoni.

La tatu ni desturi. Miongoni mwa Wambuti wa Ituri ilikuwapo ada ya kuchonga meno ya mbele yawe na ncha. Urembo huu ulipotoshwa ugenini. Ota Benga, kutoka Kongo, alionyeshwa St. Louis, Marekani, mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Meno yake yalitangazwa kuwa ya mla watu. Alijiua mwaka 1916.

Kiswahili nacho kina neno la kutuonya. Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Kwa imani za kale alihesabiwa kisirani, na pengine aliuawa. Kumbe ilikuwa tofauti ya ukuaji tu.

Kwa hiyo anayechunguza taya la kale hana budi kuuliza kwanza: alama hii imeletwa na maumbile, na dhiki, au na mkono wa mtu? Akikosea, atamwita mgonjwa yule aliyejipamba, na marehemu hana namna ya kujitetea.