Mtoto mwenye selimundu anapokwenda shule

Shule zikifunguliwa wodini kwetu huletwa watoto wa selimundu wakilia kwa maumivu ya mifupa. Mara nyingi chanzo ni kidogo: mtoto ameshinda bila maji, au amefagia uwanja asubuhi ya baridi bila sweta.

Chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maji yakipungua mwilini, au baridi ikimpiga, hupinda zaidi. Kwa hiyo kabla ya muhula kuanza, mwone mwalimu wa darasa ukiwa na barua ya daktari. Mwombe mtoto awe na chupa ya maji dawatini na anywe wakati wowote. Aruhusiwe kwenda chooni kila akiomba. Hapa walimu wengi humdhania mtoro, kumbe figo zake hazihifadhi maji vizuri, ndiyo maana hukojoa mara kwa mara. Acheze na wenzake, ila asilazimishwe mchakamchaka wala kuadhibiwa juani. Akikosa masomo, aazimwe daftari anakili.

Wazazi wengine huficha, wakiogopa mtoto atachekwa. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, hauambukizi. Mwalimu asiyejua atamwambia avumilie hadi kengele ya mwisho, na homa ya mtoto huyu haingoji. Akipata homa, akihema kwa shida au akipauka ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile. Mwachie mwalimu namba yako ya simu, na ya jirani pia.