Je, Wajua? Kifua Kikiugua, Moyo Nao Hulemewa

Je, wajua kwamba damu yote ya mwili, kama lita 5 kila dakika hata ukiwa umeketi, hupitia mapafuni kabla ya kuzunguka tena? Huko husukumwa na upande wa kulia wa moyo. Ukuta wa upande huo ni mwembamba, kwa kuwa shinikizo la damu katika mapafu mazima ni kama sehemu moja tu ya sita ya lile la mwili. Haukuzoea kazi nzito.

Wajua paka ndio waliotufunulia siri ya kulemewa kwa upande huo? Mwaka 1946, Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Sweden waliona kwamba paka akipungukiwa na oksijeni, mishipa ya mapafu yake hujibana. Ni mpango mzuri pale kipande kimoja cha pafu kinapougua, maana damu huelekezwa kwenye sehemu zenye hewa. Lakini pafu likiharibika lote, mishipa hujibana kila mahali, na upande wa kulia wa moyo hubaki kusukuma damu penye njia nyembamba, usiku na mchana, hadi unavimba na kuchoka.

Dalili zake? Miguu inayojaa jioni hadi ndara haziingii, mishipa ya shingo iliyotuna, midomo inayogeuka buluu. Wengi husema, “Ni kusimama sana sokoni.” Tafadhali, mwenye kifua cha siku nyingi akiona miguu imevimba, aende hospitali aombe picha ya moyo.

Hata mwinuko wa mahali huhusika: Kariokor, hapa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi hapa hubeba oksijeni pungufu kwa kati ya asilimia 15 na 20 ukilinganisha na Mombasa. Mtu mzima mwenye afya hata hahisi. Mwenye mapafu mabovu huhisi ngazini, kabla hajafika ghorofa ya pili.

Je, wajua kwamba shida kubwa ya wagonjwa wengi wa kifua ni kutoa hewa, si kuivuta? Njia za hewa zikiziba, pumzi mpya huingia kabla ya ile ya zamani kutoka, sawa na matatu ambayo abiria wanapanda na waliomo hawajashuka. Kifua hujaa, na ukitembea haraka hujaa zaidi, kikiubana moyo usipokee damu ya kutosha. Mwaka 2010 R. Graham Barr wa Columbia University, New York, na wenzake walipima watu 2,816 wasio na ugonjwa wa moyo: kadiri mapafu yalivyoharibika, hata kidogo tu, ndivyo upande wa kushoto wa moyo ulivyojaa damu pungufu. Ili hewa ya zamani itoke, wagonjwa hufundishwa kutoa pumzi polepole, midomo imebinywa.

Na kinachoharibu mapafu si sigara pekee. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati tumbaku husababisha asilimia 30 hadi 40 tu ya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Moshi wa kuni na makaa una sehemu yake, na wanaogeuza nyama choma pale soko la Kariokor mwaka baada ya mwaka wanastahili kuangaliwa kifua hata kama hawajawahi kuvuta. Kuna pia waliopona TB: vijidudu vimekufa, makovu yamebaki.

Wajua mikono huchosha pumzi kuliko miguu? Misuli ya mabega humsaidia mgonjwa kupumua. Akiinua mikono kuanika nguo au kutundika viondo dukani, misuli hiyo huitwa kwingine, naye huishiwa pumzi papo hapo.

Sasa jambo linaloniuma. Mzee akianza kuhema, sisi wanawe humwambia, “Baba, wewe keti tu.” Tunampenda, na tunamdhuru. Miguu isiyotembea hukonda, na misuli dhaifu hudai pumzi nyingi kwa kazi ileile, hivyo kesho yake huhema hata kwa kwenda msalani.

Uwezo wake hupimwaje? Kwa dakika sita za kutembea! Kipimo hicho kilielezwa London mwaka 1982, kikifupisha kile cha dakika 12. Mgonjwa hutembea akienda na kurudi kwenye ujia wa mita 30. Anaruhusiwa kusimama, ila saa haisimami. Asiyefikisha mita 350 yumo hatarini zaidi. Akiongeza mita 30 baada ya matibabu, mwenyewe huiona tofauti nyumbani.

Na mita hizo huongezeka kweli. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu walioachiwa mapafu yenye makovu na TB walipewa mazoezi ya wiki sita chini ya uangalizi, na walipopimwa tena walitembea mbali zaidi. Mazoezi ya namna hiyo hayaondoi makovu. Huifunza miguu kufanya kazi kwa pumzi chache. Apime daktari kwanza, kisha mzee aanze kidogokidogo, akipumzika na kuendelea.

Je, wajua oksijeni ya nyumbani ni dawa yenye kipimo chake? Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1981, wagonjwa waliopungukiwa sana na oksijeni walipewa saa 15 kila siku. Katika miaka mitano walikufa 19 kati ya 42, na kati ya wasiopewa, 30 kati ya 45. Haimfai kila anayehema, na ikizidi inaweza kumletea madhara. Mashine hiyo isiwekwe kamwe chumba kimoja na jiko la makaa linalowaka: oksijeni huuchochea moto.