KOMPYUTA ZINATAFUTA DAWA MPYA: JE, SISI TUNALINDA TULIZO NAZO?



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo wengi tunalisikia redioni na kwenye simu bila kuelezwa vizuri. Ni akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba, pamoja na kompyuta zenye nguvu kubwa ambazo wanasayansi huzikodi kwa njia ya mtandao. Wako wanaosema kwamba kompyuta hizi zitaponya kila ugonjwa. Wako pia wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, hayatuhusu. Sisi wauguzi tunaona kwamba wote wawili wanakosea. Tutaeleza kwa mfano unaogusa kila wodi: dawa za antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria.

KWA NINI DAWA MPYA ZINATAKIWA

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibayotiki iliyotibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 huko New Jersey, Marekani, kutoka kwa vijidudu wanaoishi udongoni. Kwa miaka ishirini hivi iliyofuata watafiti walipekua udongo na kupata dawa moja baada ya nyingine. Halafu mavuno yakapungua. Kila walipopekua walikuta mara nyingi dawa zile zile.

Bakteria nao hawakulala. Dawa inapotumiwa ovyo, au kwa kipimo kidogo, wale dhaifu hufa na wale wenye nguvu hubaki na kuzaana. Huo ndio usugu. Watu wengi husema, "Mwili wangu umezoea dawa." Sivyo. Aliyezoea ni bakteria, na bakteria huyo anaweza kumwambukiza mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hicho hata siku moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu. Ukilinganisha na idadi ya watu, mzigo mkubwa kuliko wote ulikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, hasa Afrika Magharibi. Wodini tunaujua usugu kwa sura nyingine: kidonda cha upasuaji kisichofunga, au mtoto mchanga ambaye sindano za siku tatu hazijamshusha homa.

KOMPYUTA YA WINGU NI NINI?

Tufikirie mashine ya kusaga. Kijijini si kila nyumba ina mashine yake. Mama hubeba debe lake la mahindi, akasagiwa, akalipa kwa debe, akarudi nyumbani na unga. Hakununua injini, hanunui dizeli, wala si yeye amwitaye fundi ikiharibika.

Kompyuta ya wingu ni hivyo hivyo. Neno wingu ni jina tu, hakuna kitu kilichoning'inia angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa maelfu ya kompyuta, yanayotumia umeme mwingi na mitambo ya kuyapoza. Mtafiti akiwa chuoni kwake hutuma hesabu zake kwa mtandao, zikafanyiwa kazi huko, naye akalipia muda aliotumia. Hesabu ambayo kompyuta ya mezani ingeifanya kwa miaka huweza kwisha kwa siku chache.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa ukienea, serikali ya Marekani, vyuo vikuu, maabara na makampuni kama IBM, Amazon, Google na Microsoft waliunda umoja wa kuwapa watafiti wa ugonjwa huo nafasi katika kompyuta zao kubwa. Njia hiyo haitumiki kwa magonjwa tu. Mwaka 2024 Microsoft na maabara ya taifa ya PNNL ya Marekani walieleza jinsi walivyochuja aina zaidi ya milioni 32 za malighafi za betri hadi zikabaki 18, kwa kazi ya kompyuta ya saa 80 hivi. Sisi tunaotegemea betri za sola kwa taa na majokofu ya chanjo tuna sababu ya kufuatilia habari kama hiyo.

AKILI BANDIA HUJIFUNZAJE?

Mwanafunzi wa uuguzi haelewi kwa maneno matupu jinsi mtoto aliyeishiwa maji anavyoonekana. Huonyeshwa mmoja, wa pili, wa ishirini, pamoja na wale wasio na tatizo hilo. Baadaye jicho lake hutambua lenyewe. Akili bandia ni programu ya kompyuta inayofundishwa kwa mifano namna hiyo, ila mifano yake ni maelfu au mamilioni.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana halisini. Wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, wakiwamo James Collins na Regina Barzilay, walichukua kemikali 2,335 ambazo zilikuwa zimepimwa maabarani dhidi ya bakteria aitwaye Escherichia coli. Kila moja ilijulikana kama inamzuia kukua au haimzuii. Programu ikajifunza kutokana na majibu hayo. Kisha ikapewa orodha ya kemikali 6,000 hivi ambazo haikuwahi kuziona, ichague zinazoelekea kufaa. Watafiti walizijaribu 99 za juu katika orodha yake, na 51 zikamzuia kweli bakteria huyo.

Mojawapo ilikuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari. Hiyo ndiyo halisini, iliyotangazwa mwaka 2020. Ilitibu panya walioambukizwa bakteria ambaye dawa zote zinazojulikana zilikuwa zimemshindwa. Katika majaribio ya siku 30, bakteria Escherichia coli hakuizoea, ilhali sipro, tunayoifahamu sana, alianza kuizoea katika siku moja hadi tatu. Baadaye programu ile ilipekua kemikali zaidi ya milioni 107 kwa siku tatu. Hakuna maabara duniani ambayo ingezipima zote hizo kwa mkono.

Mwaka 2023 Jonathan Stokes wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada na wenzake walitangaza abausini. Hiyo inamlenga bakteria mmoja, Acinetobacter baumannii, anayesumbua vidonda na wagonjwa mahututi hospitalini. Mwaka 2025 kikundi cha Collins kilitumia akili bandia kubuni kemikali ambazo hazikuwapo, nyingine dhidi ya kisonono sugu, nazo zilifanya kazi kwa panya.

KUPATA SI KUPONYA

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Hadi leo halisini si dawa ya kumpa mgonjwa, wala abausini. Panya si binadamu. Ni lazima kuchunguza kama dawa inadhuru ini au figo, kipimo gani kinatosha, na kama mjamzito anaweza kuitumia. Kazi hiyo hufanywa kwa watu walioridhia, kwa hatua, na huchukua miaka. Dawa nyingi zilizoanza vizuri huishia njiani. Kompyuta hufupisha kutafuta. Haiwezi kumuuguza mtu kwa niaba yetu.

Jambo la pili ni kwamba mashine hulishwa kwa kazi ya mikono. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini, na nusu nyingine ilikwenda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya. AlphaFold imetoa maumbo zaidi ya milioni 200, na watafiti huyatumia bila malipo. Lakini ilijifunza kutokana na hazina ya maumbo iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo wanasayansi waliijaza moja moja, wengine wakitumia miaka kwa protini moja.

Mashine ya kusaga haigeuzi mahindi mabovu kuwa unga mzuri. Utafiti ule wa Lancet ulieleza kwamba habari kutoka nchi nyingi maskini zilikuwa chache, hivyo pengo lilijazwa kwa makadirio. Bakteria wa wodini kwetu asiyepimwa na kuandikwa hajulikani kwa kompyuta yoyote. Kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa vizuri na daftari lililojazwa kwa uaminifu ni sehemu ya sayansi hiyo kubwa. Bila shaka jina la mgonjwa ni siri yake, na halipaswi kusafiri pamoja na majibu.

TUFANYE NINI?

Dawa mpya zitachelewa. Zilizopo ndizo za kulinda. Tunawashauri yafuatayo:

1. Usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia, hata zile za rangi mbili ulizozizoea. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi.

2. Tumia dozi kama ulivyoelekezwa, kwa saa na kwa siku. Usiache kwa sababu umepata nafuu. Dawa ikikudhuru, rudi zahanati uelezwe.

3. Usiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya ugonjwa ujao, wala usimgawie jirani.

4. Ukiombwa mkojo, usaha au damu kwa ajili ya kipimo, usikasirike kwamba unacheleweshwa. Eleza pia dawa ulizokwisha kumeza nyumbani. Kumeza kabla ya kipimo huweza kumficha bakteria.

5. Wafugaji wa kuku na ng'ombe, muulizeni mtaalamu wa mifugo kabla ya kutia antibayotiki katika maji au chakula. Usugu unaoanzia bandani hufika mezani.

6. Nawa mikono kwa maji na sabuni, na umpeleke mtoto chanjo. Ugonjwa usiokupata hauhitaji dawa.

7. Akili bandia ya kwenye simu isikuandikie dawa. Haijakushika tumbo, haijapima homa yako, na huweza kukosea huku ikizungumza kama mjuzi.

Ndugu msomaji, wataalamu wa MIT na McMaster wanapekua mamilioni ya kemikali kutafuta dawa moja itakayofaa. Dawa hiyo ikifika siku moja katika zahanati zetu, itawakuta bakteria wale wale na watu wale wale. Tukiitumia ovyo kama tulivyotumia za kwanza, nayo itazoeleka. Tuanze leo kuzitunza hizi tulizo nazo.